Kutafsiri majina ya wanyama wa ajabu kutoka Kiingereza kwenda Kidenmaki: tafsiri mnyama, usitafsiri jina

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani.

Kwenye uzi mwingine niliona watu wanavutana "sloth", yule mnyama wa Amerika anayekwenda polepole mno, aitweje kwa Kiswahili, na mjadala ukaharibika kabla haujafika popote. Nimeona nilete mada jirani, ya lugha nyingine iliyokwisha kupita njia hiyohiyo. Naishi Odense, Denmaki. Kazi yangu ni kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kidenmaki, hasa vitabu vya watoto na vibao vinavyowekwa mbele ya wanyama kwenye maonyesho. Sentensi hazinisumbui. Kinachokula muda wangu ni majina ya wanyama.

Kwa simba, tembo na mbwa, kamusi inatosha. Kazi inaanza kwa wale wanyama ambao Mdenmaki hana kwao, na ambao Mwingereza naye aliwapa jina kwa haraka alipokutana nao ugenini. Msimamo wangu ni mmoja na nitautetea humu: jina halitafsiriwi, anatafsiriwa mnyama mwenyewe. Kwanza ujue ni mnyama gani, ndipo uulize Wadenmaki wanamwitaje. Ukianza na neno la Kiingereza umeshapotea.

Chukua "platypus", yule mnyama wa Australia anayetaga mayai na kunyonyesha. Neno ni la Kigiriki, maana yake ni mguu bapa. George Shaw ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1799, kumbe Platypus lilikuwa limeshachukuliwa na mbawakawa fulani, kwa hiyo kwenye sayansi akaitwa Ornithorhynchus. Kiingereza kikabaki na lile la kwanza. Sasa mfasiri anayefuata neno atapata "platfod", na kwa Mdenmaki platfod ni mtu mwenye nyayo bapa, wa kupelekwa kwa daktari. Jina halisi ni næbdyr. Næb ni mdomo wa ndege, dyr ni mnyama. Mtoto akiona picha haulizi tena.

Hiyo "dyr" imefanya kazi kubwa sana katika lugha hii. Bæltedyr ni "armadillo", mnyama wa mikanda, na kweli mgongo wake umepangwa mikanda mikanda. Stinkdyr ni "skunk", mnyama anayenuka. Skældyr, mnyama wa magamba, ni kakakuona wetu. Dovendyr ni huyo "sloth" aliyewagombanisha watu, na maana yake ni mnyama mvivu. Mengi ya majina haya yaliingia kupitia Kijerumani, siyo Kiingereza: Schnabeltier, Gürteltier, Stinktier, Faultier. Ndiyo maana ukimtafuta mnyama kwa kulifuata neno la Kiingereza hufiki. Jina la Kidenmaki halikupita huko.

Karibuni tuchangie.

Mtu_wa_Kigamboni

Mkuu, asante kwa uzi wa kujifunza. Naomba kuuliza. Hao Wadenmaki si karibu wote wanajua Kiingereza? Kwa nini wajisumbue? Sisi huku kwenye vipindi vya wanyama tunasikia Kiingereza na maisha yanaendelea.

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Swali zuri mkuu. Watu wazima wanakijua, tena vizuri. Vipindi vya kigeni vya watu wazima hubaki na sauti yake, maandishi ya Kidenmaki yanapita chini. Ila mtoto wa miaka minne hajui Kiingereza na hajui kusoma, kwa hiyo vipindi vya watoto vinatiwa sauti ya Kidenmaki. Yule mtoto anahitaji jina la kulitamka na kulielewa. Hii ni nchi ya watu milioni 6 hivi, na mtoto wao anaweza kuwataja wanyama wa Amazon na Australia kwa maneno ya kwao.

Halafu kuna majina ambayo ukiyakosea mtu anaumia. Kiangazi, kwenye maji ya Denmaki huja yavuyavu mkubwa mwenye nyuzi ndefu. Kiingereza kinamwita "lion's mane jellyfish", yavuyavu mwenye manyoya ya shingo la simba. Nyuzi zake zikikugusa ngozi inawaka moto. Wadenmaki wanamwita brandmand, mtu wa moto, na ni neno lilelile la askari wa zimamoto. Yupo pia yavuyavu asiye na madhara makubwa, mweupe anayeonyesha ndani, wanamwita vandmand, mtu wa maji. Kila mtoto wa pwani anaijua tofauti: vandmand unamshika, brandmand unamkimbia. Sasa weka kibao ufukweni chenye simba na manyoya yake, utawaacha watu wakishangaa huku wanaingia majini.

Kwa hiyo mfasiri anatakiwa awe na ujasiri wa kuandika "zimamoto" mahali ambapo Kiingereza kimeandika simba. Hali ni hiyohiyo kwa kereng'ende. Kiingereza kinasema "dragonfly", Kidenmaki kinasema guldsmed, sonara. Mashine za kutafsiri zinaponzwa sana na hilo neno, kwa sababu sonara wa dukani ni guldsmed vilevile.

Bint_Wete

Assalaam aleikum kaka. Mimi ni wa Pemba, na bahari ndiyo nyumbani. Hebu tuambie ya baharini. Huko nako kuna pweza, ngisi na dome?

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Waaleikum salaam dada. Umenigusa ninapopapenda.

Wote watatu ni blæksprutte. Blæk ni wino, sprutte ni kurusha kwa nguvu: mrusha wino. Kiingereza kina "octopus", "squid" na "cuttlefish", Kiswahili cha pwani kina pweza, ngisi na dome, na Kidenmaki cha kila siku kina neno moja. Ukitaka kutenganisha unaongeza maelezo: ottearmet blæksprutte ni wa mikono minane, tiarmet blæksprutte ni wa mikono kumi. Kwenye kitabu cha sayansi hiyo inakwenda. Kwenye hadithi ya mtoto, pale pweza na ngisi wanapogombana, kila sentensi itabeba mzigo wa kuhesabu mikono. Hapo huwa naamua mmoja abaki blæksprutte na mwingine nimwite kwa tabia yake au rangi yake. Mwandishi wa Kiingereza hakupata taabu hiyo, na wewe dada usingeipata.

Jongoo bahari ndiye ninayempenda zaidi. Kiingereza kimemwona tango, "sea cucumber". Waswahili tumemwona jongoo. Wadenmaki wamemwona soseji: søpølse, soseji ya baharini. Pølse ni chakula chao cha kila siku, inauzwa kwenye vigari mitaani, kwa hiyo jina halina ugeni wowote. Mfasiri akiandika "havagurk" ili kulifuata tango la Kiingereza, atakuwa ameunda mnyama asiyekuwepo.

Na kiti cha pweza ni søstjerne, nyota ya bahari. Hapo Kidenmaki na Kiingereza wako pamoja, ingawa kwangu kiti cha pweza kinawashinda wote wawili.

Bint_Wete

Mashallah. Kiti cha pweza mtu aliyeingia maji ya bamvua anakielewa.

Na yule popo wetu mkubwa wa Pemba? Wageni wanaokuja Kidike kumtazama wanamwita "flying fox". Mimi simwoni mbweha pale, namwona popo.

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, hapatikani popote duniani ila kisiwani kwenu. Kidenmaki kinawaita wa jamii hiyo flyvende hund, mbwa anayeruka. Mwingereza alitazama uso akaona mbweha, wa huku wakaona mbwa. Popo wadogo wana jina jingine kabisa, flagermus, ndani yake mna mus, yaani panya. Kwa hiyo Kidenmaki kinakulazimisha uamue kabla hujaandika: popo wako ni panya au mbwa? Kiingereza kikiandika "bat" tu, na picha hakuna, huna budi kurudi kwa mwandishi umuulize ni popo gani.

Mwl_Biolojia_Moro

Nimefuatilia kimya, sasa niseme. Mleta mada unayasifu sana haya majina, lakini mimi nafundisha biolojia na naona yanadanganya watoto. Kakakuona kuitwa mnyama wa magamba, sawa. Lakini nimeuliza rafiki aliyesoma huko, ananiambia kobe na kasa wote ni "skildpadde", na padde ni jamii ya vyura. Kobe ana uhusiano gani na chura? Muhanga ni "jordsvin", nguruwe wa ardhini, na muhanga siyo nguruwe hata kidogo. Jina linaloeleweka lakini linapotosha ni baya kuliko jina la kigeni lisiloeleweka. La kigeni halijamfundisha mtoto kosa lolote.

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Shikamoo mwalimu. Hoja yako ni nzito, na nitakuongezea ushahidi wa upande wako kabla sijajibu.

Nguruwe wamejaa mno katika Kidenmaki. Pindsvin ni kalunguyeye, nguruwe wa miiba. Hulepindsvin ni nungunungu, yaani kalunguyeye wa mapangoni. Myrepindsvin ni "echidna" wa Australia, kalunguyeye wa sisimizi. Søpindsvin ni "sea urchin", kalunguyeye wa baharini. Øresvin ni pomboo, tena pomboo anayejulikana kuliko wote. Jordsvin umemtaja. Halafu kuna marsvin, na huyu ni wawili kwa jina moja: simbilisi anayefugwa na watoto ndani ya nyumba, na pia mnyama mdogo wa jamii ya nyangumi anayeishi kwenye bahari ya Denmaki, ambaye Kiingereza kinamwita "porpoise". Mji wa Middelfart ulikuwa na chama cha wawindaji wa marsvin, na hawakuwa wanawinda simbilisi. Katika orodha yote hiyo hakuna nguruwe hata mmoja. Nguruwe wa kweli ni vortesvin, ngiri wetu mwenye vinundu usoni.

Sasa jibu langu. Jina ambalo lugha imeshalikubali siyo mali ya mfasiri. Watoto wa Denmaki wamesema skildpadde kwa karne nyingi, na mwalimu wao wa biolojia anawaeleza darasani kwamba siyo jamii ya vyura. Hakuna aliyeharibika. Kiingereza nacho kina "guinea pig", mnyama wa Amerika Kusini asiye nguruwe wala hana lolote na Guinea. Waliotunga walitazama umbo na mwendo, hawakuwa wanapanga ukoo. Nikianza kusahihisha, msomaji hatamjua mnyama.

Ninapokubaliana nawe kabisa ni pale jina halipo na lazima litungwe. Hapo ukoo uingie ndani ya jina. Na Wadenmaki wenyewe wanafanya hivyo vizuri sana mahali pengi. Amerika Kaskazini kuna mnyama anayeitwa "fisher", mvuvi, ingawa kuvua samaki siyo kazi yake. Kidenmaki kimemwita fiskemår, na mår ni jina la ukoo wake. Wanyama wa Australia wenye mfuko wa kubebea watoto wamepewa pung, mfuko, mwanzoni mwa jina: pungulv ni yule mbwamwitu wa Tasmania aliyekwisha kutoweka, pungdjævel ni "Tasmanian devil". Mtoto akisikia pung anajua ni ukoo wa kangaruu, hata kama umbo ni la mbwamwitu. Kiingereza hakimpi msaada huo.

Mwl_Biolojia_Moro

Marahaba. Hiyo ya pung nimeikubali, ni mbinu safi. Ila kwa haya ya zamani bado sijaridhika. Pimbi je? Maana pimbi ukoo wake wa karibu ni tembo na nguva.

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Mwalimu, huyo hatakufurahisha. Klippegrævling. Klippe ni mwamba, na grævling ni mnyama wa Ulaya mwenye milia usoni, binamu wa nyegere. Tembo hayumo.

Ila pimbi ana historia ndefu ya kuwasumbua wafasiri, kwa sababu yumo kwenye Biblia. Mambo ya Walawi 11:5 inamtaja kati ya wasioliwa. Wafasiri wa Ulaya hawakuwahi kumwona. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikaandika "coney", neno la zamani la sungura. Martin Luther naye alimweka sungura kwa Kijerumani. Biblia ya Kidenmaki ya 1992 ina klippegrævling, ambaye angalau anakaa kwenye miamba. Na Biblia ya Kiswahili ya Union ina wibari, jina la mnyama mwenyewe, kwa sababu watu wa huku walikuwa wanamwona kila siku juu ya mawe. Mithali 30:26 inasema wibari wanajijengea nyumba katika miamba. Ukiweka sungura pale, mstari wote unakuwa hauna maana, sungura hakai mwambani. Huo kwangu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mnyama hutangulia neno.

Njeri_Minnesota

Hi wote. Niko Minnesota na nimependa hii thread sana. Nina swali la huku kwetu. Hapa kuna "moose" na kuna "elk", ni wanyama wawili tofauti kabisa. Juzi nikaona mtu wa Denmark ameandika "elg" chini ya picha ya moose. Nani amekosea?

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Hakuna aliyekosea dada Njeri, na umegusa mtego mbaya kuliko yote katika kazi hii: Kiingereza ni viwili.

Elg ya Kidenmaki ni "moose" wako, yule mkubwa mwenye pembe pana kama viganja. Uingereza nako mnyama huyo ndiye anayeitwa "elk". Waingereza walipofika Amerika walimpa jina la "elk" kulungu mwingine mkubwa, ambaye kwa Kidenmaki ni wapiti au wapitihjort. Kwa hiyo kitabu kikiandika "elk" lazima kwanza ujue kimechapwa upande gani wa bahari. Maneno yanafanana kwa sauti, elk na elg, na ndiyo maana watu wanadumbukia.

"Robin" ni hivyohivyo. Wa Uingereza ni ndege mdogo wa kifua chekundu, rødhals. Wa kwako huko Marekani ni mkubwa zaidi na wa ukoo mwingine, Kidenmaki kinamwita vandredrossel. Nimeona kadi za majira ya kuchipua zilizotafsiriwa kutoka Marekani, maandishi yanasema rødhals na picha ni vandredrossel. "Buzzard" wa Uingereza ni musvåge, mwewe anayekamata panya. Kwa Mmarekani wa kawaida "buzzard" ni tumbusi. "Daddy longlegs" kwa Mwingereza ni mdudu mwenye mabawa, stankelben. Kwa Wamarekani wengi hana mabawa, ana miguu minane na anafanana na buibui, naye ni mejer. Ukikosea hapo, hadithi inamrusha angani mdudu asiye na mabawa.

Dawa yake ni jina la Kilatini, lile la kisayansi. Mwandishi wa Kiingereza mara nyingi hakuliweka, basi mwombe. Wengine hawajui wenyewe, inabidi uwaombe picha.

Njeri_Minnesota

Aki asante. Na "meerkat"? Mtoto wangu anampenda.

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Huyo anastahili onyo lenye herufi kubwa. Meerkat, jamaa wa nguchiro anayesimama wima kule Kalahari, kwa Kidenmaki ni surikat. Neno marekat lipo kwenye Kidenmaki, linasikika karibu sawa na la Kiingereza, lakini ni TUMBILI. Kiholanzi na Kijerumani nacho vina neno la namna hiyo kwa tumbili. Kiafrikana cha Afrika Kusini ndicho kilichomhamishia jina jamaa wa nguchiro, na Kiingereza kikalichukua huko.

Mwingine wa namna hiyo ni "raccoon dog". Raccoon peke yake ni vaskebjørn, dubu anayefua, kwa ile tabia yake ya kupapasa chakula majini. Basi mfasiri mgeni anaunganisha anapata "vaskebjørnehund", na hilo silo jina lake la kawaida. Jina ni mårhund, na Wadenmaki wanamjua sana kwa sababu ameingia rasi ya Jylland kama mnyama vamizi na anawindwa.

Kwale_wa_Iringa

Wakuu, mimi ni mwongoza watalii, hasa wa ndege. Naona ndege wamesahaulika. Yule ndege mkubwa wa mabwawa ya Malagarasi, "shoebill", ana jina huko?

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Analo, na ni zuri mno: træskonæb. Træsko ni kiatu cha mbao, kile walichovaa wakulima wa Denmaki shambani. Waarabu wa Sudani walishamwita abu markub, baba wa kiatu. Mwingereza akasema mdomo wa kiatu. Mdenmaki akauliza, kiatu gani? Mdomo ule ni mpana, mgumu, umepinda mbele, rangi ya kuni iliyokauka. Ni træsko kabisa. Jina la kisayansi, Balaeniceps rex, limemwona nyangumi, lakini la viatu ndilo linalokaa akilini.

Kanga wetu ni perlehøne, kuku wa lulu, kwa yale madoa yake. Huku kwetu inasemwa kwamba vazi la kanga nalo lilipata jina kwa madoa hayohayo. Bata mzinga ni kalkun, jina lililotoka kwenye mji wa Calicut kule India, wakati Kiingereza kinamwita Uturuki, na ndege mwenyewe katoka Amerika.

Kwale_wa_Iringa

Asante sana mkuu. Nikuchangie kitu kinachowahusu Wadenmaki na milima yetu. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmaki walikuwa kambini kwenye msitu wa Udzungwa. Ndani ya sufuria ya mboga wakaona miguu ya ndege wasiyemjua. Wakaanza kumtafuta msituni. Mwaka 1994 akatangazwa kuwa wa jenasi mpya kabisa, Xenoperdix udzungwensis, na jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia. Kwa sayansi alikuwa mpya. Kwa aliyempika alikuwa kitoweo, na bila shaka aliitwa kitu fulani. Ninachouliza ni hiki: jina la mwenyeji linakwenda wapi mnyama anapopata jina la Kiingereza?

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Hilo linaniuma pia. Mara nyingi linabaki kijijini. Lakini siyo siku zote. Kwenu huko kuna mfano mzuri: nyani yule wa Rungwe na Udzungwa alitangazwa 2005 kwa jina la Kiingereza la "highland mangabey". Mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na jina la Wanyakyusa, kipunji, ndilo linalotumika sasa hata kwa Kiingereza. Jina la namna hiyo nikikutana nalo siligusi. Kidenmaki kina desturi ya kuyapokea: gnu, okapi, impala, tsetseflue. Yamekaa humo siku nyingi na hakuna anayeyaona mageni.

Ila majina yaliyosafiri hivyo yanaweza kurudi nyumbani yamebadilika. Mfano ni mamba. Kwa Kiingereza na Kidenmaki mamba ni nyoka, sort mamba ni koboko wetu. Neno lilitoka kwa Wazulu. Mswahili anayesoma Kidenmaki akiona "mamba" kwenye kitabu cha watoto asikimbilie kumchora mamba wa mtoni. Huyo ni krokodille.

Mwl_Biolojia_Moro

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Umepewa jina ambalo halimo kwenye kamusi ya Kidenmaki, mnyama hana jina. Unafanyaje hasa?

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Mwalimu, kwanza huwa siamini kwamba hana jina. Natafuta kwa Kilatini, siyo kwa Kiingereza, kwenye orodha za makumbusho na za bustani za wanyama. Ya Copenhagen ilianzishwa 1859, na mwanzilishi wake, Niels Kjærbølling, alikuwa mtaalamu wa ndege. Wana miaka mingi ya kuandika vibao. Kwa ndege naangalia chama cha wapenda ndege cha Denmaki, kipo tangu 1906 na kinayashughulikia majina ya ndege kwa umakini mkubwa. Nikikosa huko, natazama Kijerumani na Kiswidi, maana jina la Kidenmaki likitungwa kesho litafanana nao.

Kama kweli hakuna, natazama picha na video mpaka nimjue anavyotembea na anavyokula. Natafuta ukoo wake na neno fupi la Kidenmaki la ukoo huo, ndilo linakaa mwisho wa jina. Mbele naweka kitu kimoja kinachoonekana kwa macho. Kimoja tu. Kiingereza cha siku hizi kinapenda kurundika sifa tatu nne kwenye jina moja, na Kidenmaki kinaandika jina lote kama neno moja bila nafasi, ukirundika unapata treni. Halafu nalisoma kwa sauti. Jina ambalo mtoto hawezi kulitamka akiwa anakimbia, nalitupa.

Mfano wa kazi nzuri ya namna hiyo, ambayo siyo yangu: fuko yule wa Kenya, Somalia na Ethiopia asiye na manyoya, "naked mole-rat". Kiingereza kina fuko na panya kwa pamoja. Kidenmaki kikaacha fuko kikabaki na nøgenrotte, panya uchi. Fupi, inatosha, huwezi kumkosea.

Bint_Wete

Kaka, haya yote ungeyafanya kwa Kiswahili pia? Maana tuna jongoo bahari na kiti cha pweza, lakini watoto wetu wanasema "starfish".

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Dada, kwa Kiswahili kazi ya kwanza isingekuwa kutunga. Ingekuwa kwenda kuuliza, Wete, Lamu, Kilwa, Rungwe, kwa wavuvi na wawindaji na wazee. Mdenmaki alilazimika kutunga jina la kakakuona kwa sababu hakuwa naye. Sisi tunaye na jina tunalo, halafu tunaandika "pangolin" kwenye mabango. Hilo silikubali. Wanyama wa Australia na Amerika Kusini ndio wanaohitaji kutungiwa, na huko mbinu ya ukoo mwishoni na alama moja mbele ingetufaa sana.

Mtu_wa_Kigamboni

Nimesoma uzi wote kwa kituo kimoja. Mkuu, umemtaja nyegere juu juu tu ukapita. Anaitwaje huko?

Mfasiri_Odense (mleta mada)

Honninggrævling mkuu. Honning ni asali. Kiingereza nacho kinasema "honey badger", kwa hiyo huyu ni mmoja wa wachache ambao ukifuata neno unafika salama. Bado nakushauri upitie Mellivora capensis kwanza.